Verlin Ruhlman Hasimami

Watu wa Dayton, Ohio, husimama. Pazia likishuka, mchezo uwe mtamu au uwe umetuchosha hadi tukahesabu taa za darini, tunanyanyuka na kupiga makofi kama watu waliookolewa kwenye mafuriko. Kampuni za New York zinazozungusha michezo ya muziki ya Broadway mikoani zinalijua hilo, na nadhani ndiyo sababu zinatupenda. Kusema kweli, baadhi yetu huwa tunavaa makoti tu, tuwahi kutoa magari kabla foleni ya maegesho haijajifunga. Ila ukitazama kutoka jukwaani, mtu anayevaa koti na mtu anayetoa heshima hawana tofauti.

Verlin Ruhlman peke yake ndiye ambaye hakusimama. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa nyama, na nyama, kwa maneno yake, ama inapigwa muhuri ama haipigwi. Kila mwaka alinunua tiketi za msimu mzima, yake na ya mkewe Lucille. Lucille alipofariki aliendelea kununua zote mbili, na kile kiti cha pili akakiwekea kofia. Michezo ikaja na kuondoka. Sisi tukanyanyuka, yeye akabaki amekaa, mikono magotini, akikodolea mgongo wa mtu wa mbele.

"Verlin, utaota mizizi hapo," Bernadette Klosterman, anayekaa safu ya nyuma yetu, alizoea kumwambia.

"Wakinifurahisha nitasimama."

"Na wakikufurahisha ukiwa umeshakufa?"

"Basi nitawasikiliza nimelala. Wewe si ndivyo unavyofanya kila sehemu ya pili ya mchezo?"

Msimu huu ukaja mchezo wa wauza kofia, na ndani yake alikuwamo Corinne, binti yake wa pekee. Corinne aliondoka Dayton akiwa msichana, akaishi kwenye mabasi na mahoteli, akicheza nyuma ya watu ambao majina yao yaliandikwa kwa herufi kubwa. Sasa anakaribia miaka arobaini na magoti yameanza kumwambia mambo. Shule moja hapa jirani ilimtaka akafundishe watoto kucheza. Kampuni nayo ilimtaka atie saini mwaka mwingine wa safari. Wote walitaka jibu Jumapili ya mchezo huo.

Verlin alitusimulia haya kabla ya mchezo wa mchana, pale tunapouziwa divai kwenye vikombe vya plastiki vyenye vifuniko, kama watoto wachanga. Asubuhi, wakila mayai, Corinne alimwambia:

"Baba, kila mji unasimama. Tulsa walisimama siku spika zilipokufa wasisikie neno. Sina wa kumwamini. Leo nitaangalia kiti chako. Ukisimama, natia saini. Ukikaa, narudi nyumbani."

"Unataka maisha yako niyaamue kwa makalio?"

"Hayajawahi kunidanganya, Baba."

Bernadette alicheka hadi divai ikamtoka puani. "Sasa shida iko wapi? Si unamtaka arudi? Chumba chake umeshakipaka rangi, mtaa mzima umesikia harufu. Kaa tu, kama unavyokaa siku zote."

"Hilo ndilo linaloniwasha," Verlin akasema.

Na kweli lilimwasha. Taa zilipozimwa alikunja mguu, akaukunjua, akakunja karatasi ya mchezo hadi ikawa kama kiberiti. Duka la kofia lilipoingia jukwaani likiteleza lenyewe, tulilipigia makofi, ingawa lilikuwa mbao. Mwigizaji mmoja alitaja Ohio na roshani nzima ikapiga kelele kama wafungwa walioachiwa. Bwana mmoja aliyeuona mchezo huo kule Columbus alikuwa akicheka kabla ya vichekesho, kwa faida yetu. Verlin hakucheka wala kupiga makofi. Alijipapasa, akahema, akageuka kutazama mlango.

"Jamani, huyu mzee ana kunguni?" mwanamke wa mbele akamuuliza mumewe.

Wakati wa mapumziko watu wa safu za mbele walisimama kujinyoosha. Verlin alikuwa bado amekaa. Alitazama mbele, akanishika mkono kwa nguvu.

"Unaliona jukwaa?"

"Naona suruali," nikajibu.

"Mwishoni wote mtasimama. Nikikaa, Corinne hanioni. Nikisimama, hanitofautishi na wewe."

"Asante."

Nilimwona akiirudia hesabu ya maisha yake. Mgomo wake wa miaka yote ile haukuwa umeonwa na mwigizaji hata mmoja. Na Corinne, ambaye kazi yake ni kututazama kutoka kule juu, hakulifikiria hilo. Pengine watu wa Dayton hatufikirii kwamba kuna mtu huwa amekaa.

Katika sehemu ya pili Corinne aliingia peke yake, akiigiza mama anayefagia duka baada ya wenyewe kuondoka. Aliacha ufagio, akajaribu kofia moja baada ya nyingine mbele ya kioo, akaimba kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikika. Wale waliokuwa wakifungua peremende waliacha. Bernadette alikuwa macho. Pembeni yangu Verlin alitulia kabisa, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kisha akasimama, katikati ya wimbo.

"Mzee, kaa chini!"

"Shii!"

"Unadhani wewe ni kioo cha dirisha?"

Mhudumu mwenye kizibao cheusi alikuja ameinama na tochi yake. "Bwana, tafadhali, kaa. Unaumwa?"

"Siumwi," Verlin akasema. "Nasikiliza."

Macho ya Corinne yalipita safu zetu, yakarudi, yakasimama. Aliishika kofia muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akairudisha rafuni na kumaliza wimbo wake. Verlin akakaa. Pazia liliposhuka tukanyanyuka sote na makoti yetu, yeye akabaki chini kule, kwenye msitu wa migongo, akijifuta uso kwa kile kipande cha karatasi.

Tulimkuta Corinne mlango wa nyuma, rangi ya jukwaani bado usoni.

"Baba, umewakera watu."

"Nimewakera."

"Una hakika?"

"Nilitaka nisiwe nayo," Verlin akasema. "Nilijaribu tangu mwanzo. Ulipoanza kuimba nikashindwa."

Corinne alimkumbatia, akaangalia pembeni kidogo. Meneja wa kampuni alikuwa akingoja karibu na basi, karatasi ya mkataba mkononi.

"Baba, una kalamu?"

Mkaguzi hatembei bila kalamu. Verlin alipapasa mifuko ya suruali, akapapasa ya koti, ya nje na ya ndani. Mfuko wa shati, ambako kalamu ilikuwa ikionekana na kila mtu, aliuacha wa mwisho.