Mkamwana Niliyemwita Kwenye Duara

Mimi ndiye niliyemwita. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu najijua: nikianza na mvua ya kwetu na uzuri wa migomba, nitazungukazunguka mpaka nijitakase.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Chama cha ushirika kilikuwa kimebaki jengo na kufuli, kahawa wananunua watu binafsi waliokuja na mizani zao, na sisi wa chuo kikuu tumeanza kuambiwa wazazi wachangie. Mhadhiri wangu wa mazingira alikuwa amepata wafadhili wa kupeleka wanafunzi vijijini, tukawafundishe wakulima kutunza ardhi na vyanzo vya maji. Akanichagua mimi kwa kuwa ni mzaliwa wa Kawetele, Tukuyu, na Kinyakyusa nakijua. Na ilisemwa, tena si kwa kunong'ona, kwamba atakayeandika ripoti nzuri atapata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya. Jamani, niliitaka ile nafasi! Niliitaka mpaka aibu.

Tulipelekwa kijiji cha Masoko. Kazi yenyewe ilikuwa kuchora ramani ya kijiji chini, kwenye uwanja wa kanisa: majivu yawe barabara na mito, vipande vya majani ya mgomba viwe mashamba, na punje za maharage ziwe chemchemi. Wanakijiji wote wakae duara moja, wanawake kwa wanaume, kila mtu aweke punje yake. Mhadhiri aliliita jambo hilo ushirikishwaji, na akilitamka ungedhani anasali. Aliwaahidi kwamba kila chemchemi itakayoingia kwenye ramani itapelekwa kwa wafadhili, ijengewe, ng'ombe wasiikanyage.

Sasa, kwetu kuna jambo. Mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, akimsikia anakohoa njiani anaingia kwenye migomba mpaka apite. Si chuki, ni heshima, na mwanamke anayeishika vizuri husifiwa hadi vijiji vya jirani. Siku zile vijana wengi walishailegeza, lakini wazee, ng'o! Mama yangu mwenyewe alikuwa akizunguka shamba zima la chai na ndoo kichwani, miaka yote, asije akakutana na babu. Nimekua nikimwona. Kwa hiyo mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Asubuhi ile mzee mmoja alikaa benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Mkamwana wake, mwanamke wa miaka thelathini hivi ambaye mumewe alikuwa akichuuza mitumba Tunduma, alikaa nyuma ya ukuta wa kanisa, asikoonekana. Lakini alikuwa akishiriki, tena kuliko wengi! Wifi yake alisimama penye kona. Yeye anasema kule nyuma, wifi anapaza sauti huku mbele. Hivyo ndivyo tulivyosikia chemchemi ipi hukauka kiangazi, ipi ina ruba, ipi mwenye shamba ameanza kuilimia. Hakuna mwanaume aliyejua nusu ya hayo. Kwani wao huchota maji lini? Mwisho akafikia chemchemi ya chini ya shamba lake, wanayochota nyumba zote za upande ule, na ambayo ng'ombe walikuwa wameanza kuivuruga. Hiyo ndiyo aliyoililia.

Mhadhiri akasikia kwamba maneno yanatoka nyuma ya ukuta. "Huyo mbona amejificha?" akaniuliza. "Aje aweke punje yake mwenyewe. Mwambie."

Ningeweza kusema, "Mwalimu, huyu hapaswi kuonana na mzee yule." Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Lakini niliogopa kuonekana mshamba mbele yake, msomi mzima anatetea mambo ya kujificha kwenye migomba. Nikaenda ukutani.

"Dada, njoo kwenye duara."

Akaniangalia. Akaniuliza kwa Kinyakyusa, taratibu, kama mtu anavyomuuliza ndugu yake, "Na wewe unaniambia hivyo?"

Nikamjibu kwa Kiswahili. "Mambo hayo yamepitwa na wakati, dada. Usipoweka wewe, chemchemi yenu haitaingia."

Yaani nikajifanya mgeni. Mtoto wa Kawetele!

Alikuja. Alijifunika kanga mpaka puani, ameinama, punje mkononi. Nadhani alitaka kuweka haraka arudi, lakini kwenye duara hakuna pa kujibanza. Alipoinua macho atafute mahali pa shamba lake, mzee alikuwa mbele yake, hatua mbili. Mzee akasimama, akageuka, akaondoka bila kuaga. Mwanamke akarudi mbio nyuma ya ukuta. Kamera ya mhadhiri ilikuwa imeshalia.

"Mzee amechoka," mhadhiri akasema, tukaendelea.

Baada ya wiki mbili nilirudi kumalizia maswali yangu. Nilikutana na yule wifi njiani. Nikamsalimu, "Ugonile," akaitikia shingo upande, kisha akanieleza palepale. Kila jioni mkamwana anapika, wifi anapeleka kwa mzee, na tangu siku ile chakula kinarudi kama kilivyokwenda. Mzee hajamtukana, hajamfukuza. Ila chakula cha mkamwana hakili. Na mwanamke aliyekuwa akisifiwa mpaka Masukulu, sasa wanamcheka wakienda kuchota maji, wanamwita mke wa duara.

Nilimweleza mama. Hakunifokea, heri angenifokea.

"Kosa ni la aliyemwita," akasema. "Nenda kwa mzee, upige magoti, useme: ni mimi, nilijua, nikamwita. Atakula. Wewe peke yako ndiye unayeweza kumvua mwenzio lile kosa."

Nikasema nitakwenda. Kesho yake ikanyesha. Keshokutwa nikawa naandika ripoti. Halafu siku ya kurudi chuoni ikafika, nikajiambia nitakwenda likizo. Uongo mtupu: mvua ya Tukuyu haijawahi kumzuia mtu wa Tukuyu. Niliona haya kupiga magoti. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mimi hata sikuiacha, niliificha kwa ajili ya cheti, na sijui mtu wa namna hiyo anaitwaje.

Ripoti ilipata alama za juu, na nafasi nikapewa. Ukurasa wa mbele kuna picha ya mwanamke mwenye kanga puani, na chini yake nimeandika mwenyewe: "Wanawake wakishiriki."

Likizo ilipofika, mzee alikuwa ameshazikwa.

Nilimkuta mkamwana shambani akitandaza majani makavu chini ya migomba. Nikapiga magoti kwenye matope, nikasema yote niliyopaswa kumwambia mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Inuka, mdogo wangu, unachafua sketi," akasema. Akatandaza majani kidogo. "Mwalimu wako hakujua. Wewe ulijua."

"Nilijua, dada."

"Alikufa hajala chakula changu."

Nililia, naye akaniacha nilie; hakunibembeleza, wala sikustahili. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga.

"Lakini ile chemchemi yetu mliiandika?"

Punje yake alikimbia nayo mkononi. Mimi nilinakili zile zilizokuwa chini tu, na mahali pake palikuwa na majivu matupu. Nililiona hilo wakati naandika, nikasema nitauliza, sikuuliza.

"Imeandikwa," nikamwambia.

"Ndaga," akashukuru, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Basi haikuwa bure."

Akaingia jikoni, akatoka na chane ya ndizi mbivu, akanifungia vizuri nikale njiani. Nikazipokea kwa mikono miwili. Nilikula zote kabla ya kufika Mbeya.