Nyungunyungu Hana Meno

Nilimaliza kidato cha nne na sifuri. Neno hilo nalisema mwenyewe kabla hajalisema mtu mwingine, maana ukweni kwangu lilikuwa likitajwa kabla hata ya salamu. Matokeo yangu yalikuwa F tupu kutoka juu hadi chini, isipokuwa D moja, ya Biolojia. D hiyo sikuiokota. Shule yetu ya kata pale Njombe haikuwa na maabara, lakini mwalimu wa Biolojia alituchimbisha nyungunyungu nyuma ya vyoo, akatugawia vipande vya godoro kuukuu, miiba ya kubania na nyembe mpya, akasema kila mmoja ampasue wa kwake mgongoni bila kutoboa utumbo. Wenzangu walipiga kelele. Mimi nilipasua. Nikaona kuwa yule mdudu tuliyekuwa tukimruka njiani siku za mvua ana mioyo, tena si mmoja, jozi tano zimelikumbatia koo lake. Tangu siku hiyo sijamdharau, na kila aliyemdharau mbele yangu tulikosana.

Nilizaliwa mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, nyuma ya kiduka cha baba. Nilipoolewa kijijini upande wa Igwachanya, mama mkwe aliniangalia mikono akauliza kama inalijua jembe. Ilijifunza. Mume wangu alinionyesha kinyungu, yaani bustani ya bondeni tunayolima wakati wa kiangazi, matuta yamepakana na mfereji wa maji. Alinifundisha kulaza majani mabichi chini ya tuta yaoze, badala ya kuyachoma, kama bibi yake alivyokuwa akifanya. Alipofariki aliniachia watoto wawili na kinyungu hicho. Au niseme ukweli: ukoo ndio ulioniachia. Nilikuwa nalima kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia niache.

Mwaka juzi shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alipanda kabichi kwenye kinyungu kilicho juu ya changu. Yeye anaishi Makambako, ana duka la vifaa vya ujenzi. Mfereji wetu ni mmoja. Maji yakitoka kwake yanaingia kwangu. Alikuwa akija Jumamosi na pikipiki, anasimama ukingoni na viatu vyake visafi, anawaelekeza vibarua kwa kidole. Wiki ya pili miche ikaanza kulala, imekatwa shingoni kama kwa mkasi. Akafukua, akakuta nyungunyungu, akawa amempata mshitakiwa. Alishika jembe mwenyewe, mara ya kwanza nimwone nalo, akaanza kuwakatakata.

"Hawa ukiwakata ndiyo wanazidi," akaniambia kwa hasira. "Kila kipande kinakuwa mnyoo. Na mfugaji wao ni wewe, na hayo majani yako yanayooza."

Nikamwambia hilo la kila kipande si kweli. Upande wa kichwa huenda ukapona. Wa mkia hujinyonganyonga tu, kisha hufa.

Akacheka. "Shemeji, kwa sifuri yako?"

"Sifuri ni ya masomo mengine," nikamjibu.

Jumapili baada ya misa tuliitwa kwa mama mkwe. Shemeji aliweka mezani mfuko wa dawa ya chengachenga, ya kumwaga ardhini. Alisema Jumanne anamwaga kwake, na mimi nimwage kwangu siku hiyo hiyo, la sivyo minyoo yangu itapanda kwake tena. Wazee wawili wa ukoo walikuwapo, wakanywa chai na kukubali. Mama mkwe hakupandisha sauti. Hajawahi kuipandisha.

"Utamwaga," aliniambia, "au kinyungu utakirudisha."

Niliogopa, sitaficha. Viazi na maharage ya kinyungu kile ndivyo vilivyokuwa vikitulisha, na bila hicho ningerudi kwa baba na mabegi yangu. Lakini niliuangalia ule mfuko, nikamfikiria nyungunyungu ambaye hana pua wala mapafu, anapumua kwa ngozi yake yote, na ngozi hiyo lazima iwe mbichi muda wote. Sumu ikiyeyuka kwenye maji hana mlango wa kuifungia. Watu wanne walikuwa wamekaa kumhukumu na hakuna aliyewahi kumtazama. Nikasema nipewe asubuhi moja, na waje wote bondeni. Mama mkwe akakubali, nadhani kwa sababu ya watu waliokuwapo.

Jumatatu kulikuwa na baridi ya kwetu, ile inayoacha ganda jeupe juu ya majani. Niliwatangulia na sinia. Shemeji alikuja amejikunyata ndani ya koti, vibarua wake nyuma yake. Nilitafuta kwenye kinyungu chake mche ulioanguka usiku wa kuamkia siku hiyo, nikafukua taratibu kwa vidole kandokando ya shina. Upana wa kiganja tu, nikamkuta mdudu amejikunja kama pete: mnene, wa kijivu, anang'aa. Nikamweka kwenye sinia. Kisha nikaenda kwangu, nikafukua tuta la majani, nikarudi na nyungunyungu mmoja mrefu, nikamlaza pembeni yake.

"Mama, hesabu miguu," nikasema.

Aliinama. Yule wa kijivu alikuwa amejikunjua, anatembea. Mama mkwe akahesabu jozi tatu karibu na kichwa, na vishikizo vingine nyuma. Nyungunyungu hakuwa na hata mguu mmoja.

"Huyu mwenye miguu ni sota," nikasema. "Ni mtoto wa nondo, yule kipepeo wa usiku. Ana taya. Mchana analala ardhini, usiku anatoka kukata. Huyu mwingine hana taya, hana meno, hana hata macho. Anameza udongo na majani yaliyooza, anasaga kwa mchanga ndani ya firigisi."

"Firigisi ipi?"

"Kama ya kuku, mama."

Mmoja wa wazee alicheka. Shemeji akasema hayo ni maneno ya daftari. Basi nikamwomba mama mkwe anyooshe kidole, ampapase nyungunyungu kutoka mkiani kwenda kichwani. Alisita, lakini ni mkulima, akanyoosha. "Anakwaruza," akasema. Nikamweleza kuwa mwili wake ni pingili, na kila pingili ina vinywele vigumu vya kushika ardhi. Ndani kila pingili ni chumba, kina ukuta wake na maji yake, na maji hayo ndiyo yanayomkaza, maana mfupa hana. Misuli ya kumzunguka ikibana, anakuwa mwembamba na mrefu, kichwa kinapenya mbele. Ya urefu ikibana, ananenepa na kuuvuta mkia. Kwa mtindo huo anatoboa udongo ambao shemeji anauajiria vibarua wanne. Nilisema hivyo kwa makusudi, na vibarua wakaangalia chini wakitabasamu.

"Na dume ni yupi?" mama mkwe akauliza. Alikuwa amechuchumaa sasa.

"Hakuna, mama. Kila mmoja ni dume na ni jike. Wakikutana, wote wawili wanapata mayai." Nikamwonyesha mkanda ulionenepa karibu na kichwa, nikamwambia ute wa pale ndio unaokuwa kifuko cha mayai, naye anajivua kifuko hicho kwa kukipitisha kichwani.

"Basi hawa hawana ugomvi wa nani kaolewa kwa nani," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu tuzike nilimwona anacheka.

Shemeji hakucheka. Alimkanyaga sota kwa kisigino cha kiatu, palepale kwenye sinia. Tumbo likapasuka na kilichotoka kilikuwa cha kijani kibichi, rangi ya kabichi zake. Alikiangalia. Sote tulikiangalia. Kinyesi cha nyungunyungu kilikuwa pembeni, udongo mweusi laini, usio na harufu.

"Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni," nikasema. Labda ningenyamaza. Sikunyamaza, na sijutii.

Shemeji alifunga mfuko wake kwenye pikipiki akaondoka nao kurudi Makambako. Alisema neno moja tu kabla hajaiwasha, tena si kwangu, kwa mama yake: nimemdhalilisha mbele ya vibarua. Wiki ile ile vibarua hao walianza kuwaokota sota kwa mkono kila asubuhi, na miche ikasimama. Hakuna aliyenipa asante. Sikuingoja.

Nilichokingoja kilikuja Alhamisi. Nilikuwa ndani ya kinyungu nimevaa mabuti, nageuza tuta, nikamwona mama mkwe anashuka bondeni peke yake. Alisimama ukingoni. Nikaacha jembe, nikapiga goti, nikamsalimu, "Kamwene, mama." Akaitikia.

"Ulisema kweli juu ya wadudu," akaanza. "Lakini shemeji yako ndiye mwanamume wa nyumba hii. Mke hamfundishi shemeji yake mbele ya watu. Jumapili utamwomba radhi."

"Kwa kosa lipi, mama?"

"Si lazima liwe kosa."

Maneno hayo yaliniwasha kuliko yote niliyoyasikia wiki ile. Kama angesema nimekosea, ningebishana naye. Lakini alikuwa anajua sijakosea, na bado alitaka niiname, kwa kuwa mimi nilikuwa wa kuinama. Nilisimama. Magoti yangu yalikuwa na tope.

"Sitaomba," nikasema.

"Kinyungu hiki ni cha mwanangu."

"Mwanao alikufa, mama. Namlilia kama wewe. Lakini anayekilima ni mimi."

Sikuwahi kumtamkia maneno ya namna hiyo na nilijua hayarudi.

"Na nikikutoa?"

"Nitatoka. Nitachukua jembe langu na watoto wangu, niende Njombe. Lakini radhi sitaiomba."

Aligeuka akatazama kule juu, kwenye nyumba, ambako wanangu walikuwa wakikimbizana uani kwake na sauti zao zinafika mpaka bondeni.

"Watoto hawaendi popote," akasema.

"Basi na mimi siendi," nikamjibu, nikapiga jembe.