Dawa ya Mama Hiren

Jovina, mwalimu wa hesabu pale Kibeta, alitumia miaka miwili kutunga mchezo wa mezani. Kila mchezaji huongoza mhusika wake safarini, na dadu huamua yatakayompata. Jumapili moja baada ya misa aliujaribu na mumewe Avit na jirani yao Mama Hiren, mwenye duka la vitambaa.

Mhusika wa Mama Hiren alikuwa mganga. Katika mchezo mzima aliruhusiwa mara moja tu kumwinua aliyeanguka, kwa kadi moja ya dawa. Askari wa Avit alipoanguka mtoni, Mama Hiren aliitazama kadi yake, akaiacha mezani. Askari akafa, na mchezo ukaisha dawa haijaguswa.

"Mama Hiren, mbona hukuniinua?" Avit akauliza.

"Niliogopa huko mbele kuna shida kubwa zaidi."

Jumapili iliyofuata Jovina akampa kadi tatu. Mama Hiren akazitunza zote tatu. Jovina alisononeka, kwa kuwa hesabu zake zilikuwa sahihi na mchezo bado haukwenda. Aliwaza wiki nzima, hata akaelewa kwamba jirani yake hakupungukiwa dawa. Alichokosa ni hakika kwamba itarudi. Akaandika sheria upya: kadi moja kwa kila siku ya safari, na wasafiri wakishalala, mganga anapata nyingine. Isiyotumika inapotea.

Safari hii askari alipoanguka tu, Mama Hiren akaisukuma kadi mbele.

"Inuka, mwanangu. Kesho nitachemsha nyingine."

Jovina akainamia daftari lake, wasimwone anavyotabasamu.