Kitambaa cha Meza ya Biliadi

Sie tuliokulia Kinondoni wakati nyumba zinahesabika na mikorosho haihesabiki, hatukujua kwamba pambo la Krismasi ni kitu cha dukani. Tulikata nyota kwenye makaratasi ya sukari, tukazitundika kwa uzi, na mvua za vuli zikipenya dirishani zinalegea zote kama mchicha uliochemka. Tulicheka, tukakata nyingine.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu Monika mitano. Baba na mama walitoka Masasi, na baba alikuwa mhudumu katika klabu ya Wazungu mjini. Siku hiyo alirudi na furushi nyuma ya baiskeli. Meza ya biliadi ilikuwa imevalishwa kitambaa kipya, na bwana msimamizi, aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, akamwambia achukue kile cha zamani. Kilikuwa cha kijani, sufu nzito iliyoshindiliwa mpaka huoni uzi, kimepauka katikati, kinanuka sigara na chaki. Mama alikata kona, akaivuta kwa nguvu.

"Hiki hakichomoki nyuzi," akasema. "Hata kupinda ukingo hakitaki."

Bi Zuwena, mke wa Mwarabu mwenye duka la jirani, alikuja na mkasi wake wa kushonea. Krismasi haikuwa sikukuu yake, lakini kila alasiri baada ya sala alikaa nasi jamvini akikata ndege wazuri kuliko wetu. Sie tulichora kwa kipande cha sabuni, tukashona kingo, tukajaza sufi ya mto uliochakaa. Macho yalikuwa vifungo. Tulipata nyota, samaki, majani, na ndege kumi na mmoja, vyote tukavitundika ukutani. Watoto wa siku hizi huwezi kuwakalisha dakika tano bila simu. Sie tulikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumamosi moja baba alirudi anaisukuma baiskeli, wala haikuwa na pancha. Nilimwamkia shikamoo, hakunisikia. Mama alimtengea chakula, akakitazama tu.

"Bwana mpya anahesabu vitu," akasema hatimaye. "Anauliza kitambaa kiko wapi."

"Si ulipewa?"

"Nilipewa kwa mdomo, Mama Agnesi. Aliyenipa ameshapanda meli. Huyu anasema nikirudishe Jumatatu, la sivyo nitakwenda kueleza polisi."

Mama alitazama ukutani. Kitambaa kilikuwa pale, vipande vipande, kina macho.

Jumapili ile sijapata kuona ndefu kama hiyo. Kanisani nilisimama watu walipokaa. Nyumbani nilichota maji ambayo hayakuhitajika, nikafagia uwanja mara tatu, nikaenda njia kuu na kurudi, kana kwamba polisi wangekuja siku moja kabla. Mama alivitungua vyote, akavipanga kwenye kapu. "Vyote," alisema, "hata vya mtoto." Monika akatoa samaki wake bila kulia, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Mie nilikuwa nimeficha ndege mmoja ndani ya gauni.

Baba aliondoka asubuhi na kapu. Nilishika ungo nipepete mchele. Nikamwona kichwani mwangu yule bwana akihesabu ndege, akipata kumi, akiuliza wa kumi na mmoja. Hakujua walikuwa wangapi, lakini akili ya mtoto haikuniambia hivyo. Niliuweka ungo chini nikakimbia. Nilipita minazi, nikavuka daraja, mbavu zinanichoma, nimeshika kifua ndege asidondoke.

Nilimkuta baba kwenye mlango wa jikoni wa klabu, amesimama mikono mitupu. Kutoka ndani nilisikia sauti za wanawake wakicheka, si kicheko cha kudharau, kicheko cha mtu aliyefungua zawadi.

"Mke wa bwana amevipenda," baba akasema, taratibu. "Wanavitundika ukumbini. Mambo yamekwisha. Kazi ipo."

Nikamtoa ndege, nikamnyooshea huku nalia. "Nilimficha, baba. Mrudishie."

Baba alikuwa mtu ambaye ukiokota embe kwenye kiwanja cha jirani alikurudisha nalo mpaka mlangoni kwa mwenyewe, ukaombe radhi. Nilisubiri kofi. Alitazama nyuma, akaifumba mikono yangu juu ya yule ndege.

"Ficha," akasema. "Nenda nyumbani."

Nilirudi mwendo wa pole, na moyo haukutulia hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kuadhibiwa. Sikuwa nimejiandaa kumwona baba yangu akiogopa.

Sikukuu ilipofika, ukuta wetu ulikuwa mtupu. Mama alipika pilau, Bi Zuwena akaleta halua, akatazama ukuta, akaanza kuigawa. Baba alishinda kazini akiwahudumia Wazungu. Aliporudi jioni Monika alimdaka mlangoni akitaka kujua samaki wake ametundikwa wapi.

Baba alivua viatu kwanza. "Karibu na dirisha," akasema. "Anaonekana vizuri."

Siku hizi wajukuu wangu wananunua mapambo Kariakoo, taa zinawaka na kuzima zenyewe, na ikifika Januari vyote vinakwenda jalalani. Nawatania kwamba hawajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Wanacheka, wananiambia kaa, bibi, pumzika. Nakaa. Lakini Krismasi haijapata kunikuta nimetulia kitini. Nanyanyuka, nahesabu vilivyotundikwa, nauliza nani kavinunua na kama risiti ipo. Wao wanadhani ni uzee. Wamekulia katika nyumba ambayo kilicho ukutani hakuna anayekuja kukiulizia, nami namshukuru Mungu kwamba hawanielewi.