Malipo ya Ng'ombe wa Mwisho

Miaka ile, bendera mpya ikiwa bado ngeni machoni petu, nilikuwa karani katika biro, yaani ofisi, ya mifugo hapa Bujumbura. Ugonjwa uliingia katika ng'ombe wa uwanda wa Ruzizi, na leta, ndivyo tulivyoiita serikali, ikaamua kuwaua wagonjwa na kuwafidia wenye mifugo. Daktari wa mifugo alitangulia na bunduki. Mimi nilifuata na pesa.

Kazi hiyo haikunipa rafiki. Watu walipokea pesa bila kunitazama usoni, wakageuka. Jioni nilirudi mtaa wa Jabe, kwenye chumba changu cha kupanga, nikakaanga ndagala, samaki wale wadogo wa ziwani, na kula peke yangu huku jirani na wanawe wakicheka nyuma ya ukuta. Mama yangu alikuwa Uvira. Milima ya kule niliiona kila asubuhi ng'ambo ya ziwa, lakini mpaka ulikuwa ukifungwa ovyo, na sikuthubutu kwenda.

Siku moja mimi na dereva wangu tulifika kwa mama mzee aliyeishi peke yake. Mumewe alikuwa amefariki, na wanawe walikuwa wamehamia mbali. Ng'ombe wake wa mwisho alikuwa ameuawa. Zizi lilikuwa tupu, lakini alikuwa amelifagia.

Nilimsalimu kwa Kirundi, nikamwonyesha pesa. Hakunyoosha mkono.

"Yule daktari hakuuliza jina lake," alisema. "Na wewe huulizi?"

Nikauliza. Akaniambia jina, kisha akaendelea: jinsi ng'ombe huyo alivyokataa kukamuliwa na mtu mwingine, jinsi alivyompigia kelele asubuhi akichelewa kuamka. Dereva alipiga honi.

"We, twende! Tuko na watu wengine!" aliita kwa Kiswahili chetu cha mjini.

"Apana, ngoja kidogo," nilijibu, nikakaa kwenye kigoda.

Mama alipomaliza, alichukua pesa, halafu akanirudishia.

"Mwanangu, ninunulie radio huko mjini."

"Mama, si ununue ndama? Pesa hii ni ya ng'ombe."

"Ndama atanizika, halafu yeye atabaki na nani? Mimi sitaki kitu cha kulisha. Nataka asubuhi nisikie sauti humu ndani."

Radio niliinunua kwa mfanyabiashara mmoja Mwarabu, mtu mpole aliyenichagulia ndogo ya betri na kunifundisha namna ya kuitafutia mawimbi. Safari iliyofuata nilimpelekea mama yule pamoja na chenji. Nilipoiwasha, mwanamume akaanza kusoma habari kwa Kifaransa. Mama hakujua neno hata moja la lugha hiyo, lakini aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mgeni wa heshima.

"Anasema nini?"

"Anasema mvua imenyesha huko mikoani," nilimwambia. Ndivyo ilivyokuwa kweli.

"Basi huyu ni mtu mwema," alisema, akanikaribisha maziwa aliyokuwa ameomba kwa jirani. Siku hiyo dereva naye alishuka akanywa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, mtu alinisindikiza hadi kwenye kamiyo, lori letu la kazi.

Baada ya hapo biro ilinibadilishia eneo. Nilipopangiwa tena uwanda ule, niliomba dereva apite kwake. Nyumba ilikuwa imefungwa. Majani yalikuwa yameota zizini. Jirani yake, aliyekuwa akilima karibu, alinieleza kwamba dada wa yule mama alishuka kutoka milimani akamchukua.

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Aliondoka na radio yake kichwani, ikiimba njia nzima. Wewe ndiye yule wa leta?"

Nikasema ndiyo.

"Alikungoja," akasema, akarudi kwenye jembe lake.

Tuliendelea na kazi mpaka jua likashuka. Niliporudi Jabe nilipitia sokoni, nikachagua mkate. Muuzaji aliuliza kama nina watoto nyumbani, maana mkate ulikuwa mkubwa. Nikamwambia apana, niko mwenyewe. Akanikatia nusu.