Gari Lililokohoa Ukweni

Kwetu sisi, tuliokuja Pwani na ng'ombe wa baba zetu kutoka kaskazini, mama mkwe hashikwi mkono. Humtazami usoni, hukai kwenye kiti alichotoka kukalia, na ukimkuta anakula unageuka kama mtu aliyesahau kitu njiani. Mke wangu, mzaliwa wa Maneromango, alinicheka sana kwa hayo, mpaka mama yake alipoyasikia na kuyapenda. Tangu hapo mama yule, Mlutheri asiyekosa ibada, akawa mkali wa adabu zetu kuliko hata mama yangu mzazi. Tukawa tunasalimiana kila mmoja akitazama upande wake, na mambo yakaenda vizuri.

Tatizo lilikuwa gari langu.

Ni pikapu ya zamani, ya petroli, ile ya kabureta, niliyoinunua ili kubebea chakula cha kuku kwenye duka langu la Kongowe, hapa Kibaha. Nguvu linazo, ila lilikuwa na kilema kimoja. Nikizima swichi na kuchomoa ufunguo, injini ilikuwa haikubali. Ilikohoa, ikatikisa bodi nzima, ikakohoa tena, halafu ikapiga mshindo kwenye bomba la moshi ndipo inyamaze. Kongowe walishalizoea, hata watoto walikuwa hawageuki tena.

Siku ya kwanza kwenda nalo ukweni nilivaa shati lililopigwa pasi. Nikaegesha chini ya mikorosho kando ya barabara, nikafuata kinjia mpaka uani, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Kabla hajaitikia, kule nyuma gari likaanza vituko vyake. Tukasubiri wote wawili, mimi nikitazama vidole vyangu vya miguu, yeye akitazama mihogo yake. Kisha likapiga ule mshindo, mzito, wa chini, unaofanana na jambo ambalo mtu mzima halifanyi mbele ya mkwewe.

"Marahaba, baba," akasema, akageuza uso.

Mke wangu alikimbilia jikoni na nikamsikia akicheka huko ndani. Mimi masikio yaliwaka moto. Tangu siku hiyo, kila nikifika, mama alikuwa haonekani uani mpaka gari lishakohoa na kunyamaza. Hapo ndipo alipotoka, kajifunga khanga zake mbili na kilemba juu, akanisalimia. Niliamini anaikwepa ile aibu, na nilimshukuru moyoni kwa hilo.

Baadaye macho yake yakaanza kufifia. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, na kwamba anaweza kutolewa, ila aletwe Kibaha siku ambayo madaktari wa macho wapo. Nikaenda kumchukua mimi. Nyuma nilikuwa nimejaza magunia, kwa hiyo alikaa mbele, amejibana mlangoni, na mkoba wake kauweka katikati yetu kama ukuta. Njia ile ya Maneromango mnaijua ilivyo. Tulifika Kisarawe mjini bila kuambiana neno, nikasimama kituo cha mabasi kununua maji.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Ili lisikohoe mbele za watu, nililizima kwa ile njia ya madereva: gia kubwa, breki chini, halafu unaachia klachi ghafla injini ife kwa nguvu. Gari lilishtuka. Mama akarushwa, akaangukia bega langu, na kilemba chake kikatua mapajani mwangu.

Sikujua nikishike au nisikishike. Nilikaa na kilemba cha mama mkwe mapajani, mikono nimeinyanyua juu, watu wa kituoni wakitutazama. Yeye alipapasa akakipata, akashuka, akaita bodaboda akarudi kwake. Jioni mke wangu akapigiwa simu, akaniletea ujumbe neno kwa neno: "Mwambie mkwe wangu nitabaki na macho haya haya. Gari lile silipandi tena."

Nilitaka ardhi ipasuke. Yaani mtu anakubali kuwa kipofu kwa sababu ya gari langu! Nililiambia gari maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha nikavua shati nikafungua boneti.

Nilianza na silensa, yaani ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Ilikuwa juu mno, nikaishusha. Kikohozi kikapungua, lakini sasa gari likawa linazimika lenyewe kila nikipunguza mwendo, nikairudisha. Nikasafisha plagi. Nikaisingizia petroli, nikabadilisha kituo cha kujazia. Bado.

Ubavuni mwa kabureta kuna kidude cha umeme, mafundi wanakiita solenoidi. Ukiwasha swichi kinavuta sindano yake ndani ili mafuta ya silensa yapite, ukizima sindano inarudi na kuziba. Kisipoziba, injini iliyopata moto inaendelea kunywa na kukohoa hata ukiwa na ufunguo mfukoni. Nilimwomba mke wangu azungushe ufunguo huku nimekigusa kwa kidole. Tak. Akazima, akawasha. Tak.

"Kinaitika," nikasema, na kwa sababu kinaitika nikakiacha. Nilihangaika na vitu vingine wiki nzima.

"Mwanamume mzima unashindwa na kikohozi," mke wangu akasema siku moja, akinipitishia chai juu ya injini. Utani wake uliniuma, maana jicho lililokuwa likingoja lilikuwa la mama yake, na yeye hakusema hivyo.

Basi kwa hasira nikakifungua. Sindano ilikuwa imekatwa kwa koleo. Fundi wa mwenye gari wa zamani, bila shaka, alikuta kimekufa na gari halina silensa, akakata ncha ili mafuta yapite siku zote. Baadaye umeme ukarudi, kidude kikawa kinaitika kila kikiitwa na hakuna kinachoziba. Nikatafuta kingine kwenye gari bovu la gereji ya jirani, nikakijaribu kwenye betri, nikaiona sindano ikiingia na kutoka, nikakifunga. Nikawasha injini mpaka ikapata moto vizuri. Nikazima.

Kimya. Mke wangu alipiga vigelegele peke yake hapo uani.

Mama hakuamini kwa simu. Ilibidi niende, nizime gari karibu na mlango wake, yeye akiwa ndani anasikiliza. Akasema, "Haya." Siku ya madaktari alipanda, bintiye katikati yetu, na jicho likafanyiwa kazi likapona. Nilirudi Kibaha nikiimba.

Muda si mrefu nikampelekea dawa ya matone, peke yangu. Nikaegesha chini ya mikorosho, nikazima, nikapita kinjia. Hodi nilishaiacha miaka mingi. Gari ndilo lililokuwa linanipigia.

Nikatokea uani. Mama alikuwa mkekani, kichwa wazi, mvi zote nje, khanga imeshuka mabegani kwa joto, anakula ugali na mkono umejaa mchuzi. Akainua uso. Kwa jicho lile jipya akanitazama machoni, na mimi, Mungu anisamehe, nikamtazama.

"Baba," akasema taratibu, tonge bado mkononi, "mbona hukukohoa?"

Ndipo nilipoelewa miaka yote ile alikuwa akifanya nini ndani. Magari na pikipiki hupita barabarani kutwa, lakini lililokohoa lilikuwa langu, naye alipata muda wa kunawa, kujifunga, kuweka kilemba. Mimi nikadhani ananistahi. Nilimgeuzia mgongo, nikaiweka dawa chini nilipokuwa nimesimama, nikaondoka kwa aibu ambayo ule mshindo haukuwahi kunipa.

Gari bado linazimika vizuri. Siku hizi nikifika Maneromango nazima, nabaki nimesimama chini ya mikorosho, na nakohoa mwenyewe mpaka nisikie mlango wa ndani ukifungwa.