Midomo Imefungwa

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu katika shule ya kati, na mimi ni kinyozi. Tunaishi vyumba viwili nyuma ya saluni yangu. Tangu tuhamie hapa mwaka jana, hajawahi kupita mlango wa mbele. Hupita kichochoroni, kwenye mapipa ya taka, akaingia kwa uani. Wateja wangu wengi hawajui hata kama nimeoa. Mimi nilidhani ananionea haya. Msomi kaolewa na mshika wembe, nikajisemea, sasa anaficha ushahidi. Nilinuna kwa ajili hiyo, na mimi nikinuna huwa nanuna kweli, si mchezo.

Kisha akaanza kutapika asubuhi. Shangazi yangu akachangamka, akaanza kuulizia majina ya mtoto, akaambulia patupu. Mwalimu, maana ndivyo ninavyomwita, alitapika siku za kipindi cha darasa la nane tu. Na nyumbani alikuwa na mambo mapya. Hakai ila mgongo umegusa ukuta. Nikipita nyuma yake jikoni, anashtuka hadi mwiko unamponyoka. Niliogopa. Nilijua nampoteza mtu huku namtazama.

Siku moja nilimbana mpaka akasema. Darasa lile linavuma. Akigeuka kuandika ubaoni, nyuma yake unaanza mvumo, mmmmm, midomo imefungwa, unapanda kidogo kidogo mpaka madirisha yanatetemeka. Akiwageukia, kimya. Watoto wote wamekaa kwa adabu, mikono mezani, macho kwa mwalimu.

"Si umshike mmoja umpeleke ofisini?" nikamwambia.

"Nimshike yupi, Fundi? Midomo yote imefungwa."

Mwalimu mkuu alitaka jina, naye hakuwa na jina la kumpa. Wazazi wakaitwa. Baba mmoja akauliza kama siku hizi mtoto anashtakiwa kwa kosa la kufunga mdomo, na kikao kizima kikaangua kicheko. Ilipopita hiyo, mvumo ukaja na jiwe. Lilipiga ubao karibu na sikio lake. Alipogeuka walikuwa wanamtazama vilevile, kwa adabu zao. Tangu siku hiyo hageuki tena. Anaandika ubavu ubavu, bega ubaoni, macho darasani, na tarakimu zake zinapanda kilima.

Mimi damu ilinichemka. Nikasema kama fimbo zingerudi, nikasema samaki mkunje angali mbichi, nikasema mengi ya namna hiyo, maana mtu asiye darasani hakosi dawa.

"Hawa wamekwisha kauka," alinijibu. "Na wamenizidi kimo."

"Basi nije mimi shuleni."

Alinishika mkono kwa nguvu. "Usije. Niahidi, Fundi. Usije, na usinitaje kwa mtu yeyote, kamwe."

Niliahidi, lakini hilo la kutotajwa lilinichoma. Nikasema haya, kumbe ni kweli, ananionea haya.

Jumamosi moja, mchana, waliingia vijana watatu kunyolewa. Mkubwa wao wenzake walimwita Bosi, kijana mrefu, shingo nene, sauti imeshakuwa nzito. Akakaa kitini, wenzake wakakaa kwenye benchi, wakawa wanasimuliana habari za mtu anayeitwa Kaa. Nilicheka nao, kinyozi hucheka na mteja, hiyo ni sehemu ya kazi. Nilikuwa nimeshaweka mashine chini, namalizia kisogo kwa wembe, mmoja alipoinuka kumwigiza huyo Kaa. Akabana bega ukutani, akasogea ubavu ubavu kama kaa wa pwani, akaandika hewani kwa mkono uliopinda, macho yamemtoka, anatazama huku na huku.

Nikamjua Kaa ni nani.

"Jumatatu atakwenda kuchukua vitabu stoo," Bosi alisema, kichwa kimeinama mbele yangu. "Tunafunga mlango, tunazima taa, tunavuma mpaka alie. Mlango una komeo kwa nje."

Wembe ulikuwa shingoni mwake. Najiuliza hata leo, Mungu ananiona, ni nini kilichouondoa mkono wangu pale. Niliuogopa mkono wangu mwenyewe. Niliuweka wembe mezani, taratibu, mbali, ndipo nikasema.

"Huyo Kaa ni mke wangu. Yuko hapo nyuma ya ukuta, anafua."

Kwenye kioo niliuona uso wa Bosi ukibadilika. Ulikuwa uso wa mtoto, hana hata ndevu za kunyoa. Wale wawili walitazama sakafu.

"Tusamehe, Fundi," alisema. "Hatukujua kama anakaa hapa."

Waliondoka vichwa chini. Mimi nilijiona mwanamume. Nilikwenda uani kifua mbele, nikamkuta anaanika nguo, nikamweleza yote, la stoo na la msamaha, nikasubiri kushukuriwa.

Mwalimu alikaa juu ya ndoo aliyoigeuza, shati langu bado mkononi, linamchuruzikia maji miguuni.

"Umewaambia ninakaa hapa?"

"Wameomba radhi! Yule mkubwa ametetemeka kabisa."

"Fundi, mwaka mzima nazunguka mitaa mitatu kabla ya kuingia nyumbani. Wananifuata mpaka sokoni. Wanasimama nyuma yangu kwenye foleni ya mkate, wanavuma. Nilikuwa na hapa tu."

"Mimi nilidhani unanionea haya," nikasema, na sauti yangu mwenyewe niliichukia.

"Nikuonee haya wewe?" Alilikamua lile shati. "Nilikuwa nakuficha."

Wanasema ulimi huponza kichwa. Wangu ulikiponza kichwa cha mwenzangu. Sikula usiku ule. Asubuhi nilimwambia labda wamejirekebisha, labda wameona aibu, watoto ni watoto.

Jumapili tulikuwa tunakula mchana, madirisha wazi kwa joto, akaacha kutafuna. Mimi nilikuwa sijasikia kitu. Kisha nikasikia. Nilidhani ni mashine ya kusaga mtaa wa pili, ila mvumo ulikuwa unapanda.

Nilipita saluni mbio, nikafungua mlango wa mbele. Watoto kumi hivi, wavulana na wasichana, nguo safi za Jumapili, wamekaa kwenye ngazi za duka la mkabala. Bosi hakuwemo. Wakasimama wote pamoja.

"Shikamoo, Fundi."

"Nani anavuma?" nilifoka.

"Anavuma nini, Fundi?" aliuliza msichana mmoja mdogo, na ningeapa kwamba hajui.

Fundi viatu, jirani yangu, aliinua kichwa kutoka kwenye kiatu chake. "Wewe vipi? Watoto wa watu wanakusalimia, unawafokea?"

Niliitazama midomo yao, mmoja mmoja, nikitafuta wa kumshika. Midomo ya watoto, basi.

"Marahaba," nikasema.

Nilipogeuka kuingia ukaanza tena, nyuma yangu, karibu zaidi. Mimi, mtu mzima na kifua changu, sikugeuka. Nilijitupa ndani nikasukuma mlango kwa mgongo.

Mwalimu alikuwa amehamishia sahani chumbani na kufunga dirisha. Alikuwa kitandani, miguu ameikunja.

"Ni nani?" aliniuliza.

"Sijui," nikasema. "Sikumwona."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu analolijua. Kisha akasogea kidogo kunipa nafasi, nikakaa kando yake, tukawasikiliza.